Maji Hufuata Mkondo: Gridi za Kompyuta na Mafuta ya Ziwa Albert

Mhadhara wa hadhara, Kampala



Uganda imetangaza kwamba chini ya ardhi inayozunguka Ziwa Albert mna mapipa bilioni 6.5 ya mafuta, na kwamba yanayoweza kutolewa ni kama mapipa bilioni 1.4. Namba hizi mbili huchapishwa magazetini bega kwa bega, na wasomaji huzipita haraka. Kati yake kuna mapipa bilioni 5.1 ambayo yapo, yamegunduliwa, na yanatarajiwa kubaki huko huko mchangani. Tumejuaje kwamba yatabaki? Sehemu kubwa ya jibu inatoka kwenye uigaji wa kompyuta: modeli ya mwamba inajengwa, visima vinachimbwa ndani ya modeli, maji yanasukumwa humo ili yayasogeze mafuta kuelekea visimani, na miaka 25 ya uzalishaji inapita kwa usiku mmoja.

Leo nitazungumzia hatua moja tu ya kazi hiyo, hatua ambayo ripoti huitaja kwa mstari mmoja kisha huendelea na safari: namna mwamba unavyokatwa vipande kabla ya hesabu kuanza. Vipande hivyo kwa pamoja huitwa gridi. Dai langu ni kwamba kila gridi huchorwa ili kujibu swali fulani, na anayepokea jibu bila kulijua swali hilo hajui amepokea nini.

Mwamba wenyewe

Habari za mafuta ya Ziwa Albert si za jana. Mwaka 1925 E. J. Wayland, mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni, alichapisha ripoti juu ya mafuta yaliyokuwa yakichuruzika juu ya ardhi katika bonde hili. Mwaka 1938 kisima kilichimbwa karibu na Butiaba. Baada ya hapo kulikuwa na ukimya mrefu, hadi mwaka 2006 ugunduzi wenye faida ya kibiashara ulipothibitishwa. Tarehe 1 Februari 2022, hapa Kampala, uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatangazwa. Leo kuna miradi miwili ya uzalishaji: Tilenga, katika wilaya za Buliisa na Nwoya, inayoendeshwa na TotalEnergies, na Kingfisher, upande wa kusini-mashariki mwa ziwa, inayoendeshwa na CNOOC. Kwa mpango uliopo, Tilenga itafikia mapipa 190,000 kwa siku na Kingfisher mapipa 40,000.

Mafuta hayo hayakai katika pango wala katika ziwa lililozama. Yamo katika nafasi ndogo kati ya chembe za mchanga. Mamilioni ya miaka iliyopita mito ilishuka kwenye Bonde la Ufa ikimwaga mchanga katika ziwa la kale. Ziwa likapanuka na kuufunika mchanga kwa udongo mfinyanzi. Likapungua, na mito ikarudi kuchora njia mpya juu ya udongo huo. Mambo yakarudiwa hivyo mara nyingi. Matokeo yake ni rundo la safu: mchanga unaopitisha mafuta kwa urahisi, kisha udongo unaoyazuia, kisha mchanga tena, mara nyingine katika umbo la mkondo mwembamba unaojipinda kama ulivyokuwa mto wenyewe. Juu ya hayo, ardhi ya bonde imepasuka, na safu zimehamishwa juu na chini kwenye nyufa kiasi kwamba mchanga wa upande mmoja unakutana na udongo wa upande wa pili.

Katika mwamba wa aina hii swali la kiasi gani cha mafuta kipo ni jepesi kuliko swali la mafuta yatapita wapi.

Hesabu ya mtu wa maji

Sheria inayotawala safari hiyo iliandikwa na mhandisi wa maji ya mjini. Henry Darcy aliipatia Dijon, huko Ufaransa, maji ya bomba, na katika kitabu chake cha mwaka 1856 alieleza majaribio aliyofanya kwa kupitisha maji katika nguzo za mchanga. Aligundua kwamba kiasi kinachopita huongezeka kadiri msukumo unavyoongezeka, na hupungua kadiri nguzo inavyorefushwa. Kila mchanga una uwezo wake wa kupitisha, na wahandisi wa mafuta waliupa uwezo huo kipimo chenye jina la Darcy: dasi, na sehemu yake ya elfu, milidasi. Kwa mafuta tunaongeza mnato, kwa kuwa kitu kizito hupita taratibu.

Kompyuta haiwezi kuitumia sheria hiyo kwa kila chembe ya mchanga. Inaugawa mwamba katika visanduku, inakipa kila kisanduku shinikizo lake na sehemu zake za maji, mafuta na gesi, kisha inahesabu kinachovuka kutoka kisanduku kimoja kwenda jirani yake. Siku moja ya uzalishaji ikishapita, inarudia.

Tuchukue mfano wa eneo lenye urefu wa kilomita 10, upana wa kilomita 8 na unene wa mita 100. Mwanajiolojia anataka kuona kila safu nyembamba, kwa hiyo anakata visanduku vya mita 50 kwa mita 50, vyenye kimo cha nusu mita. Hivyo ni visanduku 200 kwa 160 kwa 200, yaani milioni 6.4. Kila kimoja kikibeba namba tatu zisizojulikana, kompyuta inatakiwa kutafuta namba milioni 19.2, na kazi hiyo irudiwe katika maelfu ya hatua za wakati. Hapo ni jiolojia moja tu. Kwa vile hakuna aliyeuona mwamba kati ya kisima na kisima, mhandisi makini hujenga modeli mia zinazotofautiana, zote zikikubaliana na vipimo alivyonavyo, na angependa kuziendesha zote.

Ndipo anapolazimika kuunganisha. Akijumlisha visanduku vitano kwa vitano kwa kumi kuwa kimoja, milioni 6.4 zinakuwa 25,600, na hesabu inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa njia hiyo modeli ya mwanajiolojia inageuka kuwa modeli ya mhandisi. Kuna kinachopotea hapo katikati, na ningependa tukione kwa namba.

Wastani unaposema kweli nusu

Chukueni kisanduku kikubwa chenye unene wa mita 10. Ndani yake mna mita 1 ya mchanga safi wa mto, wenye kupitisha kwa milidasi 1,000, na mita 9 za mchanga uliojaa udongo, wenye milidasi 1. Maji yakisafiri kwa kufuata safu, wastani sahihi ni milidasi 100.9. Yakitaka kuzivuka safu zote kwenda juu au chini, wastani sahihi ni milidasi 1.11. Kisanduku ni kile kile, na jibu limetofautiana karibu mara mia kwa sababu ya mwelekeo peke yake. Ndiyo maana kila kisanduku kikubwa hupewa namba tofauti kwa kila upande.

Hadi hapa hakuna neno. Tuendelee na maji yanayofuata safu. Kwa milidasi 100.9, modeli kubwa inatoa kiasi kamili cha mtiririko, bila kukosea hata tone. Lakini ndani ya mwamba halisi asilimia 99 ya maji hayo yamepita katika ile mita moja ya mchanga wa mto. Tukidhani kwamba nafasi za mchanga ni sawa katika safu zote, na kwamba maji na mafuta yana mnato mmoja, maji yatafika kwenye kisima cha mafuta yakiwa yamejaza sehemu moja tu ya kumi ya kisanduku. Modeli kubwa, ambayo haina tena mchanga wa mto wala udongo, inasubiri kisanduku kizima kijae. Imekosea wakati wa maji kufika mara kumi.

Mnaopanda teksi kutoka Old Taxi Park kwenda Ntinda saa kumi na moja jioni mnalijua jambo hili. Mwendo wa wastani wa magari yote barabarani hauwezi kukuambia abiria wa kwanza atafika saa ngapi, maana huyo yuko kwenye boda.

Kwa mwenye mafuta, kosa la wakati ni kosa la fedha. Maji yakifika mapema, kila pipa la mafuta linapanda juu likiwa na maji yanayohitaji kutenganishwa, kusafishwa na kurudishwa chini. Kiwanda kilichojengwa kwa kuamini kwamba maji yatafika mwaka wa kumi kitaelemewa yakifika mwaka wa pili. Hivyo mahali penye kasi hapapaswi kuunganishwa na majirani zake wavivu. Lakini utajuaje penye kasi kabla ya kufanya hesabu yenyewe?

Kuyaacha maji yachore

Njia iliyopatikana ni kuuliza kwanza swali jepesi. Badala ya kuendesha mafuta, maji na gesi kwa miaka 25, mhandisi anajaza modeli yote ya mwanajiolojia kwa kimiminika kimoja, anaweka visima mahali pake, na anatafuta shinikizo mara moja tu. Hesabu hii ya mkupuo mmoja ni nafuu hata kwa mamilioni ya visanduku. Inampa ramani ya kasi: hapa pana mbio, pale panatambaa, kule pamelala.

Mwaka 1997 Louis Durlofsky na wenzake wawili walichapisha namna ya kuitumia ramani hiyo: safu zenye kasi kubwa zibaki nyembamba kama zilivyo, na zile za polepole ndizo ziunganishwe. Gridi inabaki na nguzo na safu zake za kawaida, ila unene wake haulingani tena. Ni utaratibu wa kawaida sana ukishaelezwa, na unafanya kazi vizuri katika miamba ya mito.

Miaka michache baadaye wazo lilisogezwa mbele. Chuanping He na Durlofsky, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walionyesha mwaka 2006 jinsi ya kuijenga gridi nzima kutokana na mtiririko. Katika umbo lake rahisi, lenye pande mbili, kazi inakwenda hivi. Unachora mistari ya mtiririko kutoka kisima kinachoingiza maji hadi kisima kinachotoa mafuta, ukiipanga ili kati ya kila mistari miwili kipite kiasi kile kile cha kimiminika. Kisha unachora mistari ya shinikizo sawa, ukiipanga ili kati ya kila miwili shinikizo lishuke kwa kiasi kile kile. Pale mistari ya aina hizi mbili inapokatana ndipo penye pembe za visanduku. Mwamba ukiwa unapitisha sawa katika kila mwelekeo, mistari hukatana kwa pembe ya mraba, jambo ambalo hesabu ya kompyuta hulipenda.

Tazameni kilichopatikana. Mahali maji yanapokimbia, mistari inabanana yenyewe na visanduku vinakuwa vidogo bila mtu kuviomba. Mahali palipolala, visanduku vinapanuka. Na kwa kuwa kila kisanduku kinapitisha kiasi sawa kwa tofauti ya shinikizo iliyo sawa, kila kisanduku kina uwezo ule ule wa kupitisha. Kazi ngumu ya kutafuta wastani tuliyoiona katika mfano wa milidasi imekwisha kufanywa na mtiririko.

Asiyeamini anaweza kujaribu. Mwaka 2001 Mike Christie na Martin Blunt walitoa kwa umma modeli ya kupimia mbinu za kuunganisha visanduku. Ina visanduku 60 kwa 220 kwa 85, yaani 1,122,000. Sehemu yake ya chini imefuata mwamba wa mito wa Bahari ya Kaskazini, wenye mikondo inayojipinda, na mwenye kuijua jiolojia ya Ziwa Albert ataitambua tabia yake mara moja. Modeli hiyo ni ya bure, na kompyuta ya mwanafunzi inaimudu.

Upande ambao gridi haiuangalii

Ningemaliza hapa, mngeondoka mkidhani nimekuja kuuza mbinu. Mbinu hii ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayoihusu Uganda zaidi.

Mpaka wa kwanza ni visima. Mistari ya mtiririko huanzia na kuishia kwenye visima, kwa hiyo gridi iliyotokana nayo ni gridi ya visima hivyo na si vingine. Chimba kisima kipya, au funga kimoja kilichozidiwa na maji, na mistari yote ya eneo hilo inageuka. Tilenga imepangiwa visima 426 kutoka katika maeneo 31 ya kuchimbia, na karibu nusu yake ni vya kuingiza maji. Vinachimbwa kwa miaka, kimoja baada ya kingine. Gridi iliyochorwa kwa visima vya mwaka wa kwanza haiwezi kuaminiwa katika mwaka wa sita bila kuchorwa upya.

Mpaka wa pili ni joto. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi; yakipoa yanaganda, na ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani karibu na Tanga limepangwa kupashwa moto ili mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 za Selsiasi au zaidi. Ndani ya mwamba, maji yanayoingizwa hubeba baridi au joto lake, lakini joto husafiri polepole kuliko maji, maana mwamba wenyewe hulinyonya njiani. Ncha ya mbele ya maji na ncha ya mbele ya joto ziko mahali pawili tofauti. Gridi iliyochongwa ifuate ya kwanza inaweza kuwa pana mno mahali ilipo ya pili.

Mpaka wa tatu ni nyufa za bonde na pande tatu za mwamba halisi. Mistari ya mtiririko haiheshimu safu za mwanajiolojia. Ikiachwa huru, kisanduku kimoja kinaweza kukumbatia mchanga na udongo pamoja, au kuruka ufa. Kwa hiyo wengi hurudi kwenye njia ya kati: jiolojia inaweka mipaka mikubwa, na mtiririko unaamua wapi ndani ya mipaka hiyo pakatwe vipande vidogo.

Nimeuacha mwisho mpaka ulio mzito kuliko yote. Gridi ya mtiririko ina macho makali mahali maji yanapopita. Mafuta yanayobaki nyuma yako mahali maji yasipopita, na huko ndiko visanduku vilikopanuliwa. Yale mapipa bilioni 5.1 niliyoanza nayo, kwa sehemu yake ile inayokaa katika safu za polepole na katika pembe zilizorukwa na visima, yamo ndani ya visanduku vikubwa ambavyo mchoraji aliona havina umuhimu.

Mchoraji hakukosea. Aliulizwa maji yatafika lini, akachora gridi ya kujibu hilo. Tatizo linaanza pale jibu lake linapobebwa na mtu mwingine kwenda kujibu swali lingine: baada ya miaka 20 kutabaki nini, na wapi? Mwekezaji ana haki ya kuuliza la kwanza, kwa kuwa fedha yake inarudi katika miaka ya mwanzo. Mwenye mwamba atakuwepo baada ya mwekezaji kuondoka, na la pili ni lake.

Maamuzi ya juu ya ardhi

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya wataalamu peke yao. Lakini fikirini mahali visima vinapotoka. Mto Naili unaigawa Tilenga, na upande wake wa kaskazini ni Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Huko maeneo ya kuchimbia yamewekewa ukomo wa 10 ili kupunguza alama juu ya ardhi ya wanyama, na kutoka kila eneo visima vinachimbwa kwa kuinama kuelekea pande mbalimbali. Huko Kingfisher mafuta yamo chini ya ziwa, na visima vinaanzia ufukweni kwenye maeneo manne. Kwa wakulima na wavuvi wa Buliisa na Kikuube, kila eneo la kuchimbia ni shamba au njia ya kufika majini.

Kwa hiyo mashauri kati ya serikali, kampuni, hifadhi na wanavijiji ndiyo huamua visima viwe wapi. Visima huamua mistari ya mtiririko. Na mistari huamua gridi. Anayekuja kusema kwamba ni lazima liongezwe eneo la kuchimbia, au maji zaidi yachotwe ziwani, atakuja na matokeo ya uigaji mkononi. Wanaobishana naye wanahitaji mtu wa upande wao anayeweza kuifungua modeli na kuangalia ndani.

Kazi iliyo mbele yetu

Sheria ya mwaka 2013 iliunda Mamlaka ya Petroli ya Uganda, iliyoanza kazi mwaka 2015 huko Entebbe, na kampuni ya taifa, UNOC, ina asilimia 15 katika miradi yote miwili. Kwa hiyo Uganda ni msimamizi na mshirika kwa wakati mmoja, na inakaa mezani inapojadiliwa mipango ya visima. Napendekeza mambo matatu yanayowezekana bila kungoja bajeti kubwa.

Kwanza, kila matokeo ya uigaji yanapowasilishwa, yaje pamoja na modeli ya mwanajiolojia kabla haijaunganishwa, na maelezo ya namna ilivyounganishwa. Matokeo bila gridi yake hayawezi kukaguliwa.

Pili, matokeo yanayohusu mafuta yatakayobaki yahesabiwe angalau kwa gridi mbili: moja iliyochorwa kwa mtiririko, na nyingine iliyokatwa vipande vidogo mahali pa polepole. Majibu mawili yakikaribiana, tuyaamini. Yakiachana, tumejua wapi pa kuweka vipimo vipya, na labda wapi pa kuchimba kisima kinachofuata.

Tatu, kazi hii ifundishwe hapa. Makerere inafundisha jiolojia ya petroli, na Kigumba kuna chuo cha mafundi wa petroli. Programu huria zipo: MRST, iliyotengenezwa na taasisi ya utafiti ya SINTEF ya Norwe, na OPM, ambayo chanzo chake kiko wazi kwa yeyote. Pamoja na modeli ya Christie na Blunt, mwanafunzi wa mwaka wa tatu ana kila anachohitaji ili kuchora gridi yake, kuhamisha visima, na kuona jibu likibadilika mbele ya macho yake. Ujuzi huo hautaisha siku mafuta yatakapoisha. Anayejua kufuatilia maji mchangani kwa ajili ya mafuta anajua pia kufuatilia uchafu wa vyoo unavyosogea kuelekea chemchemi ambako watu wengi wa Kampala bado wanachota maji, na sheria ya Darcy ni ile ile.

Mtakapoketi siku moja mbele ya ripoti yenye namba kama bilioni 1.4, msianze na namba. Ulizeni kwanza gridi yake ilichorwa kujibu swali la nani, na kama swali hilo si la Uganda, rudisheni ripoti ikahesabiwe upya.